Mnara Uko Wapi?

Mazungumzo ya mwalimu wa redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Kilwa na pwani ya Lindi. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kwa zamu, kisha wajibu maswali yaliyo mwishoni.

Hamjambo, wanafunzi wetu wa Kilwa Masoko, wa Kivinje, wa Somanga na Nangurukuru, na ninyi wa Mchinga na Lindi mjini? Natumaini kila darasa limekwisha kaa, taa inawaka, na kila mtu ana daftari lake na kalamu. Leo kalamu itatufaa sana, maana kuna hesabu ndogo za kufanya pamoja.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya picha za televisheni: jinsi zinavyotoka mnarani hadi kufika nyumbani kwa mtu, na kwa sababu gani nyumba moja huzipata na nyumba ya pili isizipate. Nimelichagua jambo hili kwa ajili ya fedha. Ufuta ukisha kuuzwa, na baadaye korosho, fedha huingia mikononi mwa watu, na dukani huletwa vitu vingi vinavyozitafuta fedha hizo. Kimoja ni king'amuzi. Mtu hununua, hufika kwake na boksi lake chini ya kwapa, hupanda juu ya paa na antena, huigeuza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kioo cha televisheni humjibu maneno yale yale: hakuna mawimbi. Hapo fedha ya ufuta imekwisha kwenda, na mwenye duka atasema kifaa ni kizima. Na kweli huenda ni kizima! Kosa halimo katika kifaa. Kosa ni kwamba mnunuzi hakuuliza swali moja kabla ya kulipa: mnara uko wapi?

Tuanze na kisa cha kuwaza. Tuseme yuko bibi mmoja wa Kilwa Kivinje, mkulima wa ufuta. Anaingia dukani na kumwuliza muuzaji kama king'amuzi hiki kinafanya kazi kwetu. Muuzaji anamwonyesha karatasi yenye majina ya mahali. Bibi amesoma darasa la watu wazima, kwa hiyo anasoma mwenyewe, na anaona neno LINDI. Anafurahi. Kilwa si iko katika Mkoa wa Lindi? Analipa.

Bibi huyu amesoma vizuri, lakini neno lenyewe limempotosha. Mkoa ni mpaka uliowekwa na serikali kwa ajili ya kazi zake. Mawimbi ya televisheni hayajui mkoa wala wilaya. Yanajua umbali, vilima, na mviringo wa dunia. Kutoka Lindi mjini mpaka Kilwa Masoko, ukipita angani kama ndege apitavyo, ni zaidi ya kilomita 110. Neno LINDI katika karatasi ile laweza kuwa na maana ya mji wa Lindi na vijiji vya jirani tu. Baadaye tutafanya hesabu, mwone wenyewe kama picha ya mnara ulio Lindi mjini yaweza kufika Kivinje.

Kwanza historia kidogo. Zanzibar walitutangulia: walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Bara tulianza mwaka 1994. Picha za siku zile zilisafiri kwa njia ya zamani iitwayo analojia. Mwaka 2006, nchi za Afrika, Ulaya na jirani zao zilikutana Geneva, Uswisi, zikapatana kuiacha njia ile, na zikaweka mwisho wake kuwa tarehe 17 Juni 2015. Tanzania haikungoja siku ya mwisho. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, kisha miji mingine ikafuata mmoja baada ya mwingine. Tangu hapo ndipo neno king'amuzi lilipoingia katika kila nyumba yenye televisheni. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika, na kwa kweli waliolichagua jina hili walichagua vema, kama tutakavyoona.

Njia mpya huitwa dijitali. Maana yake nini? Ninyi mnaojifunza kuandika mtaielewa upesi kuliko watu wengi.

Chukua karatasi, uchore picha ya jahazi. Mpe jirani yako ainakili. Yeye ampe wa tatu, wa tatu ampe wa nne. Jahazi la mwisho halitafanana na la kwanza: tanga limepinda, mlingoti umelala. Kila kosa limeongezwa juu ya kosa. Ndivyo ilivyokuwa analojia. Kila mawimbi yaliposafiri mbali, picha iliharibika kidogo zaidi, mpaka kioo kikajaa zile chenga tunazozikumbuka, kama mchele mbovu uliomwagwa.

Sasa usichore picha. Andika neno JAHAZI. Jirani yako ana mwandiko mbaya, herufi zake zimelala kama zimelewa, lakini wa tatu akitambua tu kwamba hii ni J na hii ni A, ataliandika neno upya, safi kabisa. Kosa la mwandiko limekufa pale pale. Dijitali ni hivyo. Picha na sauti hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu, na tarakimu zenyewe ni mbili tu, 0 na 1. Hizo ndizo zinazorushwa hewani. Kazi ya king'amuzi ni kusoma mwandiko uliochafuka njiani, kutambua hii ni 0 na hii ni 1, kisha kuijenga picha upya.

Tena kuna ujanja mwingine. Wale wanaopeleka korosho ghalani wamemwona karani akiandika magunia. Anaandika mstari wa kwanza 12, wa pili 9, wa tatu 15, wa nne 8, na chini anaandika jumla: 44. Tuseme maji yamemwagikia daftari, mstari wa nne umefutika. Je, tumepotea? La. Tunajumlisha 12 na 9 na 15, tunapata 36. Kutoka 36 mpaka 44 ni 8. Tumelirudisha lililofutika! Mnara nao hurusha tarakimu za ziada, mfano wa ile jumla, na kwa hizo king'amuzi hurudisha tarakimu zilizopotea njiani.

Lakini maji yakifuta mistari miwili? Hapo jumla haitusaidii tena. Tunajua tu kwamba mistari miwili ile ikiwekwa pamoja inafika hesabu fulani, lakini kila mmoja una ngapi hatujui. Na hili ndilo jambo kubwa la dijitali ambalo wengi hawakuambiwa. Analojia ilikufa polepole. Ukiwa mbali uliona chenga, lakini mpira ulionekana na goli ulilisikia. Dijitali haifi polepole. Maadamu makosa yanarudishika, picha ni safi kama ya mjini. Makosa yakizidi kidogo tu, picha hukatika vipande kama vigae, sauti hugugumia, kisha kioo cheusi. Hakuna katikati. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiona picha yenye chenga zamani asidhani ataona picha safi kwa king'amuzi. Huenda akaona safi, na huenda asione kitu.

Faida ya njia mpya ni kwamba nafasi moja ya hewani, ambayo zamani ilibeba kituo kimoja, sasa hubeba vituo kumi na zaidi, na nafasi zilizobaki zimepewa simu za mkononi. Hilo linatosha kwa leo.

Sasa twende kwenye mawimbi yenyewe, na hapa watu wa pwani mna elimu tayari.

Simama ufukweni Kilwa Masoko, tazama bahari wakati jahazi linakuja kutoka mbali. Unaona nini kwanza? Huoni ubavu wa chombo. Unaona ncha ya tanga, kisha tanga lote, na mwisho chombo chenyewe, kana kwamba kinapanda kutoka majini. Sababu ni kwamba dunia ni mviringo, na mgongo wa bahari umelificha jahazi. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama penye maji, macho yake hufika kama kilomita nne na nusu tu, kisha bahari inainama. Aliye juu ya mnazi wa mita 16 huona mpaka kilomita 14 hivi. Ndiyo maana mwenye zamu ya kutazama hupanda juu.

Mawimbi ya televisheni hutembea karibu kama macho yatazamavyo. Hujipinda kidogo kufuata dunia, kwa hiyo hufika mbali kidogo kuliko jicho, lakini si sana. Wazee wetu huuliza: mbona redio ya Dar es Salaam tuliisikia hapa tangu zamani, wala hatukuwa na mnara karibu? Ni swali zuri. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, na baadaye Radio Tanzania, zilitumia mawimbi marefu kuliko haya, ambayo mengine hutambaa juu ya ardhi na mengine hupanda mbinguni na kurudishwa chini, kama mpira unaodundishwa darini. Mawimbi ya televisheni ya minara ya leo ni mafupi; urefu wake ni kama nusu mita hivi. Hayatambai, wala hayadundi mbinguni. Kwa kawaida, mgongo wa dunia ukiingia kati, yamekwisha.

Chukueni kalamu. Hesabu yenyewe ni hii. Tafuta namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe utapata kimo cha mnara kwa mita. Fanya vivyo hivyo kwa kimo cha antena yako. Jumlisha namba hizo mbili, kisha zidisha kwa 4. Utapata kilomita ambazo mawimbi yaweza kufika pasipo kilima njiani. Wataalamu hutumia 4 na nukta 12, lakini sisi tutatumia 4.

Mnara una mita 100. Kumi mara kumi ni 100, basi andika 10. Antena yako iko juu ya mlingoti wa mita 9. Tatu mara tatu ni 9, andika 3. Kumi na tatu, zidisha kwa 4, ni 52. Kilomita 52.

Aliyeweka antena yake mita 4 tu kutoka chini? Mbili mara mbili ni 4. Kumi na mbili mara 4 ni 48. Amepoteza kilomita nne kwa uvivu wa kutafuta mti mrefu.

Na mnara huo huo wa mita 100 ukiwekwa juu ya kilima cha mita 125? Kimo chote ni mita 225, na 15 mara 15 ni 225. Basi 15 na 3 ni 18, mara 4 ni 72. Kilima kimetupa kilomita 20. Mnajua sasa kwa nini wajenzi wa minara hupenda vilima.

Turudi kwa bibi yetu wa Kivinje. Tuseme mnara wa karibu kabisa uko Lindi mjini. Tumchukulie hesabu ya kilomita 112. Tugawe kwa 4, tunapata 28. Antena yake ina mita 9, yaani 3. Toa 3, inabaki 25. Na 25 mara 25 ni 625. Mnara pamoja na kilima chake ungetakiwa kuwa na kimo cha mita 625 juu ya bahari, tena pasiwe na kilima kingine njiani, na njia ile ina vilima. Kwa hiyo bibi huyu hata akinunua antena mbili, hata akipanda juu ya mwembe, ameshindwa kabla hajaanza. Si kosa lake wala la fundi wake.

Nasikia mtu wa Masoko ananung'unika: "Mwalimu, mbona mimi niliwahi kuona picha za mbali, usiku mmoja, zikapotea kesho yake?" Naam, bwana, sikukatalii. Wakati wa joto na utulivu, hewa kavu yenye moto hulala juu ya hewa baridi yenye unyevu iliyo karibu na bahari, na mawimbi hunaswa kati ya tabaka hizo kama maji ndani ya bomba. Hapo husafiri mbali ajabu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, rada iliyowekwa Bombay, Bara Hindi, nyakati za joto ilionyesha pwani ya Arabuni, zaidi ya kilomita 1,500 kuvuka bahari ile ile ambayo majahazi yetu yalipita kwa pepo za kaskazi na kusi. Lakini bahati ya usiku mmoja haiwi haki ya kila siku. Usinunue king'amuzi kwa sababu ya usiku ule.

Basi, mtu wa Kilwa afanye nini? Kwanza ajue kusoma herufi mbili: T na S. Hapa kisomo chenu kitawapa faida ya fedha taslimu.

Juu ya boksi la king'amuzi, au nyuma ya televisheni mpya, mtaona herufi hizi: DVB. Baada yake kuna herufi nyingine. Ikiwa ni T, au T2, kifaa hicho husikiliza mnara uliosimama ardhini, nacho hutumia antena. Ikiwa ni S, au S2, kifaa hicho husikiliza setilaiti, nacho hutumia dishi. Cha T hakiwezi kusikiliza setilaiti, na cha S hakiwezi kusikiliza mnara, hata fundi akiapa. Na kifaa cha zamani chenye T peke yake hakisomi mnara unaorusha kwa T2. Andikeni herufi hizo katika madaftari yenu sasa hivi, kubwa kubwa, kila mstari mara tano.

Aliye karibu na mnara, achukue T. Gharama yake kwa kawaida ni ndogo. Aliye mbali, atafute S. Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya mstari wa ikweta, mbali kiasi cha kilomita 36,000, na kutoka huko juu Kilwa, Liwale na Lindi zote ziko uwanjani. Hakuna mgongo wa dunia wa kuzificha. Na kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta, kiasi cha digrii 9 au 10, hakuna dishi la kwetu linaloelekea kusini. Fundi akilielekeza dishi lako kusini, huna haja ya kugombana naye. Mwambie tu, "Ndugu yangu, ikweta iko kule," ukimwonyesha kaskazini. Utamwona anavyokutazama.

Pia kumbukeni kwamba makampuni hufunga vituo vyao kwa kufuli la siri, na king'amuzi cha kampuni moja hakifungui kufuli la kampuni nyingine. Ukihama kampuni, umenunua upya. Hapo hapo niseme neno juu ya malipo ya mwezi. Makampuni yaliyopewa leseni ya kurusha dijitali kwa minara yaliwekewa sharti la kuwaonyesha watu vituo vya kitaifa visivyolipiwa, hata kwa mtu ambaye malipo yake yamekwisha. Mwaka 2018 palikuwa na mabishano makubwa juu ya vituo hivyo, na Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ikayazuia baadhi ya makampuni ya setilaiti kuvionyesha kwa malipo. Basi kabla ya kununua uliza wazi: mwezi nikikosa fedha, nitabaki na nini? Mwenye duka akijibu kwa mzunguko, nenda duka la pili.

Sasa tuseme uko mahali pazuri, karibu na mnara, na kifaa chako ni cha T. Bado kuna kazi ya antena, na kazi hii huharibiwa na haraka. Mjukuu yuko juu ya paa, bibi yuko ndani anatazama kioo.

"Bibi! Sasa vipi?"

"Bado, mjukuu wangu!"

"Na sasa?"

"Ilikuja, ikaenda! Rudisha ulikotoka!"

"Kote nimerudisha, Bibi!"

Shida ya mjukuu ni kwamba anaizungusha antena kama anapepea moto. King'amuzi huhitaji muda mfupi kukusanya tarakimu na kuzisoma kabla hakijaonyesha kitu. Geuza kidogo, upana wa kiganja, kisha ngoja kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Ndani ya king'amuzi kuna ukurasa wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Bibi atazame ule wa ubora. Nguvu yaweza kuwa kubwa na ubora mdogo, kama mtu anayepiga kelele maneno yasiyosikika.

Antena ya nje hufanana na mifupa ya samaki. Upande wenye vijiti vifupi ndio mdomo wake, nao ndio utazame mnara. Wengi huigeuza nyuma mbele, wakaona picha kwa tabu na kulaumu kampuni. Tena tazama antena za majirani wanaopata vizuri: vijiti vyao vimelala au vimesimama? Fanya kama wao, maana mnara nao hurusha mawimbi yaliyolala au yaliyosimama.

Minazi iliyo mbele ya antena ni adui, hasa ikilowa mvua na kuchezeshwa na upepo. Usikate mnazi wako! Sogeza antena. Kwa wale walio chini ya vilima vya Lindi mjini, kilima kikiwa kati yako na mnara, utakuwa kivulini kama aliye nyuma ya ukuta, hata mnara ukiwa karibu. Na huenda jirani wa ng'ambo ya ghuba, Kitunda, akapata vizuri kuliko wewe uliye mjini. Vile vifaa vya kuongeza nguvu vinavyouzwa haviumbi mawimbi. Hukuza kilichopo, pamoja na takataka zake.

Jambo jingine ni la watu wa kando ya maji peke yao, wala katika karatasi za maelezo nyingi halimo. Antena inayotazama mnara kwa kuvuka maji hupokea mawimbi mawili: yanayokuja moja kwa moja, na yaliyogonga uso wa bahari yakaruka kama mwanga juu ya kioo. Bahari ikijaa na kupwa, njia ya hayo ya pili hubadilika, na kuna saa ambapo mawimbi hayo mawili huuana. Mtu huona picha inakatika jioni ya leo, kesho inakatika baadaye kidogo, kesho kutwa baadaye zaidi. Akifikiri ni king'amuzi, atakipeleka kwa fundi bure. Andika saa ambazo picha inakatika, uzilinganishe na saa za maji. Zikifuatana, hasa siku za bamvua, dawa ni kuishusha au kuipandisha antena kidogo, au kuiweka mahali ambapo ukuta au ukingo unaificha bahari lakini hauufichi mnara.

Na chumvi. Upepo wa bahari hula waya mahali unapoungwa na antena. Paka grisi kwenye maungio, funga utepe wa plastiki, na kabla waya haujaingia ndani ufanye kitanzi kinachoning'inia chini, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya mpaka ndani ya kifaa. Mawingu ya radi yakitanda, chomoa waya wa antena na wa umeme. Usingoje ngurumo ikukaribie.

Sasa nina jambo moja la mwisho, nalo ni zito kuliko king'amuzi.

Wazee wa Lindi wanakikumbuka kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1952, ama walihadithiwa na wazazi wao. Kilipiga mji, kikabomoa nyumba na kuua watu. Siku zile hapakuwa na setilaiti ya hali ya hewa, hata moja, duniani. Mwaka 2024, mwezi wa Mei, kikaja Kimbunga Hidaya, kikafika pwani karibu na Mafia tarehe 4. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikiona mapema na kutangaza. Mvua ilikuwa kubwa hata barabara ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika Somanga, na magari yakasimama pande zote mbili.

Je, siku kama ile habari itakufikiaje? Umeme ukikatika, televisheni imekufa. Upepo ukigeuza antena upana wa viganja viwili, kioo ni cheusi, maana nimekwisha waambia kwamba dijitali haina katikati. Dishi nalo hupoteza setilaiti mvua ikiwa nzito sana. Simu ina betri ya siku moja, na mnara wake nao unahitaji umeme. Redio ndogo ya betri, kama hii mnayonisikilizia sasa, huendelea kusema hata sauti ikiwa na mkwaruzo, na maneno "msitoke na ngalawa" husikika hata kwa mkwaruzo. Mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kama vyenu kusikiliza mafunzo ya Mtu ni Afya kwa redio, na wengi wao hawakuwa na umeme nyumbani. Kwa hiyo siku ile unapoingiza televisheni mpya ndani, usimpe mtoto redio aichezee. Iweke juu ya kabati, na betri zake kando, zisizotumika kwa tochi.

Sasa maswali. Mwalimu wa darasa awasaidie wanaochelewa, lakini asiwaandikie.

La kwanza: mnara una mita 64, na antena yako iko mita 16 juu ya ardhi. Mawimbi yatafika kilomita ngapi, pasipo kilima njiani?

La pili: karani ameandika magunia 14, 7, mstari wa tatu umefutika, 11, na jumla ni 41. Mstari wa tatu ulikuwa na magunia mangapi? Kisha semeni, ungefutika na ule wa pili, mngejua?

La tatu si la hesabu. Kabla ya kukutana tena, kila mwanafunzi mwenye televisheni, au mwenye jirani aliye na televisheni, asome herufi zilizo nyuma yake au juu ya boksi la king'amuzi, aziandike kama zilivyo, na aulize mnara au setilaiti inayosikilizwa iko upande gani. Mletee mwalimu karatasi hiyo. Darasa la Kivinje, ninyi hasa. Andikeni pia kama kuna mtu kijijini anayepata picha kwa antena, na nyumba yake iko juu ya mwinuko gani.

Wiki ijayo tutasoma stakabadhi ya ghala, mstari kwa mstari. Njooni nayo mwenye nayo. Kwa herini.